Majuu hata ndege wana mgahawa!

Wewe uliyeko Bongo unalalamikia baridi ya Julai, acha utani! Huku Uingereza, Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limeshatokomea. Usiku ni kama saa kumi na sita hivi.

Basi bwana, katika baridi hiyo utamkuta bibi wa watu kajiviringisha skafu mpaka puani, yuko bustanini anatundika chakula mtini. Cha nani? Cha ndege! Tena siyo kuku wala njiwa wa kufuga, ni ndege wa porini. Mama mwenye nyumba yangu ni mmoja wao. Kodi ikichelewa siku moja ananuna, lakini ndege wanakula bure.

Nikadhani ni uzungu tu. Kumbe kuna sababu. Yupo ndege mmoja mwenye kofia ya buluu na kifua cha njano, uzito wake ni gramu 11 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari. Usiku anaunguza mafuta ya mwilini ili asigande. Kukikucha akiba imekwisha, wadudu hawaonekani, na mchana wenyewe ni mfupi. Asipopata msosi, kesho hayupo.

Ndiyo maana wanampa shahamu, yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe. Yanayeyushwa, yanachanganywa na mbegu za alizeti na karanga zisizo na chumvi, yakiganda yanakuwa kama andazi. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha nyama hapana: yana chumvi, tena yananata kwenye manyoya. Mkate nao ni wa kujaza tumbo tu. Na karanga zenye ukungu ni hatari kwa sababu ya sumukuvu, ile ile tunayoonywa nyumbani kwenye mahindi.

Sasa kasheshe iko hapa. Mgahawa ukiwa mchafu, unaua wateja! Mwaka 2005 huku uligunduliwa ugonjwa kwa chiriku wa kijani. Kidudu kinakaa kooni, ndege anashindwa kumeza, anatema chakula chenye mate, mwenzake anakiokota. Sahani moja, msiba wa ukoo mzima. Chiriku hao walipukutika hadi mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humu.

Kwa hiyo mwenye huruma ya kweli anaosha vyombo vya ndege kila wiki, anavihamisha mahali, anabadilisha maji kila siku, na anaweka chakula cha kuisha siku hiyo hiyo. Akiona ndege kajikunyata, manyoya yamemsimama na anashindwa kumeza, anafunga mgahawa kwa muda ili wateja watawanyike. Inauma, lakini afadhali walale njaa kidogo kuliko kuambukizana.

Mimi hapo ndipo nilipomvulia kofia yule mama. Kutoa ni rahisi, mshikaji wangu, kila mtu anaweza kumwaga mbegu akajiona mwema. Kusugua sahani kwa maji ya moto kwenye baridi ya vidole kufa ganzi, wakati hakuna anayekuona wala kukushukuru, hiyo ndiyo roho nzuri.