Tusibane matumizi kwenye msingi wa ukuta wa bustani

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sisi wenye bustani za mchicha na nyanya kwenye miteremko, ufa wenyewe huanzia tusikoona, chini ya ardhi. Huko ndiko tunakobana matumizi, halafu fedha tunazimalizia kwenye lipu na rangi.

Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Ukuta wangu wa kwanza, wa futi mbili, niliujenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma ili udongo wa bustani usiteremke. Nilichimba kina cha kiganja tu, nikapanga matofali, nikapiga lipu. Ukapendeza. Masika yalipoisha ulikuwa umetoa tumbo kuelekea njiani na lipu imebanduka. Nikalipa tena, kubomoa na kujenga upya.

Wengi hudhani ukuta mfupi hauna mzigo. Mzigo wake ni maji. Udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na maji yasipopata pa kutokea huusukuma ukuta.

Anayeanza achimbe hadi kwenye udongo mgumu, sentimita 30 au zaidi, kwa upana mara mbili ya ukuta. Amwage zege la sentimita 15: ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga na sita za kokoto. Matofali yaloweshwe kabla ya kujengea, kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji na tano za mchanga. Nyuma ya ukuta ajaze kokoto, na kila baada ya mita moja aache tundu la kutolea maji, juu kidogo ya usawa wa ardhi.

Juu ya ukuta aweke kofia ya zege inayotokeza sentimita 5 kila upande, yenye mfereji mdogo kwa chini, ili maji yadondoke badala ya kutiririka ukutani. Kisha amwagilie ukuta kwa siku 7.

Mtaniambia saruji ni ghali. Ni kweli. Basi punguza urefu, usipunguze msingi: jenga mita tano mwaka huu na tano mwakani. Lipu inaweza kusubiri. Tofali lililoiva vizuri, likiwa na kofia, linavumilia mvua bila lipu. Rangi ya mafuta ndiyo hasara zaidi, maana huufungia unyevu ndani.

Na fundi akikwambia ukuta mdogo hauhitaji msingi, mwulize kama atarudi baada ya masika kuutengeneza bure. Jibu lake litakuonyesha kama anastahili fedha yako. Ukuta ukizidi mita moja na unazuia udongo, usijaribu peke yako, tafuta mtaalamu.

Majirani watasifu lipu, lakini mvua itapima msingi.