Timu ya Delta Isipimwe kwa Jirani Peke Yake

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapokaribia kufungwa, shule zetu za sekondari hushikwa na hamasa ya michezo ya UMISSETA. Vijana huchujwa shuleni, kisha katani na tarafani, kisha wilayani. Na waliobahatika huvaa jezi ya Mkoa wa Pwani na kwenda kukutana na mikoa mingine, kama ilivyokuwa Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Katika siku hizo kila kijiji hupiga hesabu zake. Huko Salale, Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, wazee kwa vijana huulizana: je, safari hii watoto wetu watafika wapi?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lililopimwa. Sisi tunaona kwamba jibu lake haliko katika idadi ya mabao ambayo shule moja ya delta imeifunga shule nyingine ya delta. Liko katika jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni hili: kabla ya siku ya mchujo, vijana hao wamecheza na nani kutoka nje ya delta?

Tuutazame mpira wa kikapu, kwa sababu mchezo huo ndio unaoonyesha tatizo hili wazi kuliko mwingine wowote. Huko Marekani, ambako mchezo huo ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891, timu za vyuo vikuu zimegawanywa katika makundi, na kila chuo hupambana na wenzake wa kundi lake kuanzia karibu na mwaka mpya. Lakini kabla ya hapo, katika miezi ya Novemba na Desemba, kila chuo hupanga mechi na vyuo vya nje ya kundi lake. Ratiba hiyo ya nje ndiyo inayosomwa na wajuzi kwa makini, maana inaeleza kama kocha anatafuta ushindi wa bure kwa kuwaita wanyonge, au anatafuta ukweli kwa kuwaendea wenye nguvu.

Mtanzania mmoja aliipitia njia hiyo. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo na kuanza mchezo huo akiwa na umri wa miaka 15 hivi, aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Katika msimu wa 2008 na 2009 chuo hicho kilisafiri hadi Visiwa vya Virgin, kikatwaa ubingwa wa mashindano ya huko. Kisha kikavuka nchi nzima hadi Seattle na kuishinda Gonzaga katika muda wa nyongeza. Kikarejea nyumbani bila kupoteza mechi hata moja. Na bado, mechi ya kwanza kabisa ya kundi lake, tarehe 29 Desemba 2008, kilifungwa na Georgetown.

Wako watakaosema: basi safari zote zile zilikuwa na faida gani? Faida yake ilionekana baadaye. Timu ile iliyokwisha kubanwa ugenini haikubabaika kwa kufungwa mara moja. Ilimaliza msimu ikiwa na ushindi wa mechi 31 na kushindwa mara 5, ikafika katika timu nne za mwisho za taifa lile. Na mwaka huohuo wa 2009 Thabeet akachaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia katika ligi ya kulipwa ya NBA. Mechi za nje hazikumpa mtu hakikisho la ushindi. Zilichompa ni kipimo, na mwenye kipimo hujua la kurekebisha.

Sasa tuirejee delta yetu. Tukizitazama kwa haki mechi zinazowangoja vijana wa visiwani katika ngazi za mchujo, tunaweza kuzigawa katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni wenzao wa bara ndani ya Wilaya ya Kibiti yenyewe: Bungu, Mjawa, Mchukwi na Kibiti mjini. Hapa kijana wa delta hapungukiwi nguvu wala pumzi. Aliyekua akisukuma mtumbwi kwa pondo na kubeba matenga ya samaki ana mabega na mikono ambayo mwenzake wa barabarani huenda asiwe nayo. Anachopungukiwa ni mazoea. Shule iliyo kando ya barabara kuu ya Kilwa hupanda gari asubuhi, ikacheza na shule jirani, ikarudi jioni. Shule ya kisiwani hungoja maji, hutafuta boti, na mara nyingi hukata tamaa kabla ya kuondoka. Hivyo mwenzake anafika kwenye mchujo akiwa amecheza mara nyingi, na yeye akiwa amecheza na walewale aliozoea kuoga nao.

Daraja la pili ni majirani wa wilaya nyingine: Rufiji, ambayo Kibiti ilikuwa sehemu yake hadi takriban miaka kumi iliyopita, Mkuranga upande wa kaskazini, na Mafia ng'ambo ya mlango wa bahari. Kwa maoni yetu, Mafia ndiyo inayofaa kuliko wote kuwa mwenyeji na mgeni wa delta. Ni visiwa kwa visiwa. Usafiri wa Nyamisati na Kilindoni upo, na watu wa pande hizi mbili wameoana na kufanyiana biashara tangu zamani. Mechi mbili kwa mwaka, moja Kilindoni na moja Nyamisati, zingewafunza vijana wetu mengi kuliko mechi kumi za kijiji kwa kijiji.

Daraja la tatu ni shule za Kibaha, Bagamoyo na Chalinze. Tusidanganyane hapa. Kibaha ina shule zilizojengwa kwa mpango tangu miaka ya 1960, chini ya mradi wa nchi za Nordic uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, na iko kando ya njia kuu ya kwenda Dar es Salaam ambako timu, makocha na viwanja vimejaa. Katika mpira wa kikapu, timu ya visiwani inayokutana na shule za namna hiyo kwa mara ya kwanza siku ya mchujo wa mkoa, matumaini yake ni madogo. Tunasema hivyo bila kuwadharau vijana wetu. Katika soka na mpira wa pete matumaini ni makubwa zaidi, na sababu yake ni ya ardhi.

Sababu hiyo inafaa kuelezwa, maana hapo ndipo maofisa wengi wanapokosea. Soka huchezwa penye mchanga, na mpira wa pete vilevile, kwa kuwa sheria zake zinataka mpira urushwe kutoka mkono hadi mkono, usidundishwe njiani. Lakini mpira wa kikapu bila kudundisha si mpira wa kikapu, na mpira haudundi juu ya tope wala juu ya mchanga. Kijiji kisicho na sakafu ngumu hakiwezi kuzaa mchezaji wa kikapu, hata kikipewa mipira mia moja. Kupeleka mipira na jezi visiwani bila sakafu ni sawa na kumpa mvuvi nyavu bila chombo.

Uwanja kamili wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ukimwagwa zege la unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 42. Na kwa kipimo cha mifuko sita ya saruji kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko ipatayo 250. Bara, hilo ni gari moja na nusu siku. Delta ni nchi ya udongo ulioletwa na mto: mawe hayapo, kokoto lazima ivushwe kwa chombo, na mchanga wa pwani wenye chumvi haufai kwa zege lenye nondo. Kazi hiyo ni nzito, na hatushangai kwamba bajeti nyingi huogopa kuigusa.

Lakini iko njia ndogo zaidi. Mchezo wa kikapu wa watatu kwa watatu, wenye goli moja, uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Uwanja wake ni mita 15 kwa 11 tu, na kwa hesabu ileile unataka mifuko ipatayo 100. Tena, goli la mpira wa pete na goli la kikapu yote yana kimo kimoja, mita 3.05, kinachotofautiana ni ubao na upana wa duara. Basi sakafu moja, kwa milingoti inayobadilishwa, inaweza kuwatumikia wasichana na wavulana kwa zamu. Na msimu wa mavuno wanakijiji wakaitumia kuanikia mpunga wao. Sakafu yenye kazi tatu haiwezi kuitwa anasa. Sharti moja tu lizingatiwe: ijengwe mahali ambapo maji ya bamvu hayafiki, na wa kuulizwa mahali hapo ni wazee wa kijiji, maana ramani iliyochorwa mbali haijui maji yanapopita.

Jambo jingine ni ratiba. Maofisa hupanga mechi kwa kalenda ya ukutani, ilhali maisha ya delta huenda kwa kalenda ya mwezi. Wakati wa bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na kukauka kabisa karibu na saa nne asubuhi. Timu iliyoambiwa iwe Nyamisati saa nne, siku ya bamvu, itakuta mikono ya mto imekauka na boti imekaa juu ya tope. Ikichelewa, huandikwa kuwa imeshindwa kwa kutofika. Katika siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na vijito vingi hubaki na maji ya kupitisha chombo. Kuzihamishia mechi zote za delta katika siku hizo hakuhitaji hata shilingi moja. Kunahitaji ofisa mwenye nia ya kumwuliza nahodha kabla ya kuandika barua.

Tunazijua hoja za wanaopinga. Ya kwanza ni usalama. Mzazi anayekataa binti yake asipande boti iliyojaa kupita kiasi hana kosa lolote, na hatutaki mchezo wowote ununuliwe kwa roho ya mtoto. Kwa hiyo kila safari ya wanafunzi iwe katika chombo kilichokaguliwa, chenye jaketi la kuokolea kwa kila abiria, nahodha anayejulikana na mwalimu wa kike pale wasichana wanaposafiri. TASAC wamepewa jukumu la kusimamia usalama wa vyombo; washirikishwe mapema, kabla ya msiba na si baada yake.

Hoja ya pili ni masomo. Wako wasemao kwamba shule zenye walimu wachache zisipoteze siku kwa michezo. Sisi tunaona kwamba mechi nne za nje kwa mwaka, zikiwekwa mwishoni mwa wiki, haziwezi kubomoa elimu. Kijana asiyewahi kutoka nje ya delta, anayeingia chumba cha mtihani akiamini kwamba watu wa Kibaha wameumbwa tofauti na yeye, amekwisha kupungukiwa na kitu ambacho kitabu peke yake hakikirudishi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwaondoa watu majumbani na kuharibu mashamba Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaipiga pwani hii. Je, baada ya hayo tuzungumze habari za magoli? Hatusemi kwamba kikapu kitangulie chakula, dawa wala madarasa. Tunasema kwamba watu waliopatwa na shida wana haki ya kutazamwa kama watu wenye kesho, si kama wapokeaji wa misaada tu. Na Kibiti, ambayo katika mwaka 2017 ilitajwa nchini kwa habari za mauaji na hofu, ina kila sababu ya kutaka vijana wake wawe na mahali pa kukutana mchana, hadharani, chini ya macho ya walimu na wazazi.

Kwa hiyo tunayaomba mambo matatu, na hakuna hata moja lililo zito kupita uwezo. Halmashauri ya Kibiti ianze na sakafu moja ya goli moja katika kata moja ya delta, wananchi wachangie nguvu zao na halmashauri ivushe saruji na kokoto. Idara za elimu za Kibiti na Mafia zikubaliane juu ya mechi za kwenda na kurudi kabla ya mchujo wa wilaya, kwa siku za maji mafu. Na wanaopanga mchujo wa mkoa waikubali kalenda ya maji kuwa udhuru halali kwa shule za visiwani.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno moja pia. Timu yenu ikienda Kilindoni au Kibaha na kurudi imefungwa, msiwapokee vijana bandarini kwa kejeli. Waulizeni waliona nini, mpinzani alisimama wapi, alipumzika vipi, alirusha kutoka umbali gani. Kisha wapeni nafasi ya kwenda tena. Chombo kipya hakijulikani uimara wake kikiwa kimefungwa gatini, na fundi mwaminifu hukitoa nje ya kijito akijua kwamba siku ya kwanza huenda kikavuja.

Mwaka huu, kama miaka iliyopita, kutakuwa na kijana wa Salale au Kiongoroni mwenye mkono usiokosa. Kama hatapata mechi ya nje hata moja kabla ya mchujo, atacheza dakika chache kwa woga, ataachwa, na ofisa ataandika kwamba delta haina vipaji. Maandishi hayo yatakuwa ya uongo, na sisi sote tutakuwa mashahidi wake.