ABIMELEKI ANAAJIRI VIJANA STEJINI



Neno la leo ni Waamuzi sura ya 7 mpaka ya 9. Soma zote tatu kabla ya kulala, kwa sababu leo sitakubembeleza.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Lakini sikuandikii kuhusu Agosti. Nakuandikia kuhusu siku ambayo waliookoka wengi hawajui hata ikipita: siku ya kura ya mchujo. Siku hiyo ndiyo chama huamua nani atashika tiketi ya ubunge na ya wadi. Ukiikosa, Agosti utapanga foleni alfajiri na kitambulisho mkononi, uchague kati ya watu waliochaguliwa tayari na wengine. Halafu miaka mitano utakaa ukilalamika kuhusu barabara, maji ya bauza na basari ya CDF.

Mwaka wa 2022 UDA walifanya mchujo wao tarehe 14 Aprili. Angalia kalenda. Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Usiku ambao kanisa linakumbuka jinsi Yuda alivyomuuza Bwana kwa vipande 30 vya fedha, watu wangapi walikuwa wamejiuza mchana kwa mia mbili?

Sasa sikiliza Neno.

Gideoni alipopiga tarumbeta walikuja watu 32,000. Hakuna aliyetumiwa nauli. Mungu akasema ni wengi mno. Wenye hofu wakaruhusiwa kurudi nyumbani, wakaondoka 22,000. Wale 10,000 waliobaki wakapimwa kwa namna walivyokunywa maji, wakabaki 300. Watu 300 waliojitolea, na jeshi la Midiani likatawanyika usiku.

Huyo ni baba. Mtazame mwana.

Abimeleki mwana wa Gideoni alitaka kutawala. Alianzia wapi? Alikwenda Shekemu kwa wajomba zake akawaambia yeye ni damu yao. Unaijua hiyo kampeni, sivyo? "Huyu ni mtu wetu." Wakampa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la Baali. Hakununua mbegu wala hakuchimba kisima. Aliajiri watu wasio na kazi wala adabu, wakamfuata. Na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwaua ndugu zake, wana 70 wa Gideoni, juu ya jiwe moja. Aliyepona ni Yothamu peke yake, kwa kujificha. Vipande 70, ndugu 70. Kila kichwa kilikuwa na bei ya kipande kimoja.

Baba alishinda kwa watu waliojitolea. Mwana akatawala kwa watu wa kukodishwa. Nyumba moja, kizazi kimoja tu!

Mpendwa, huyo Abimeleki tunaye. Msimu ukifika utamkuta kuanzia Noonkopir mpaka Kisaju, Isinya na Kajiado mjini. Anawatia petroli vijana wa bodaboda, anawavika tishati, anawapa mia tano na kuwaambia wapige kelele mkutano wa mpinzani usifanyike. Kijana wangu, nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Gawanya hiyo mia tano kwa siku za miaka mitano. Ni kama senti 27 kwa siku. Hata peremende hununui. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 haimshiki anayehonga peke yake. Inamshika pia mpiga kura anayepokea.

Lakini sitawalaumu vijana peke yao. Leo nataka kusema na wewe mtakatifu, unayesema siasa ni uchafu.

Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawapigia Shekemu kelele kwa mfano. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu ukakataa, una divai yake. Ndipo ikauendea mwiba, na mwiba ukakubali mara moja, ukawaalika waje wakae chini ya kivuli chake. Kivuli gani? Wewe mtu wa Kajiado unaujua mwiba. Umewahi kumwona mbuzi akipumzika chini ya kichaka kifupi cha miiba saa saba mchana?

Mwiba haukuiba ufalme. Ulipewa, baada ya miti mizuri kusema ina shughuli zake.

Mzeituni ni wewe mwalimu mstaafu unayejua shule zote za wadi yako. Mtini ni wewe mama wa chama unayeweka hesabu za wanawake 40 bila shilingi kupotea. Mzabibu ni wewe fundi unayeaminiwa na mtaa mzima. Mko na kwaya. Mko na kesha. Mko na biashara. Na mwiba uko na tiketi.

Wengine mtaniambia, "Pasta, Mungu ndiye huweka viongozi." Amina. Basi maliza sura ya 9. Inafunga kwa Mungu kumlipa Abimeleki uovu wake, na pia kuwalipa watu wa Shekemu uovu wao. Hakuwaachilia kwa sababu wao walitoa fedha tu. Waliomfadhili walichomwa moto ndani ya ngome yao, wanaume na wanawake karibu 1,000, na aliyewasha moto ni yule yule mtu wao.

Wengine mtauliza nampigia nani debe. Simpigii yeyote. Mheshimiwa akija kwetu atapata kiti na atasikia Neno kama kila mtu. Kipaza sauti hapati. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena kutoka mimbari za Anglikana. Sisi Wapentekoste tulipiga makofi, halafu Jumapili iliyofuata wengi wetu tukapokea bahasha. Huwezi kukemea vipande 70 mtaani na huku umevipokea madhabahuni.

Sasa fanya nini? Jitolee. Katiba, kifungu cha 38, inakupa haki ya kujiunga na chama, kushiriki shughuli zake na kukifanyia kampeni. Hakuna mahali ilipoandikwa haki hiyo ni ya wahuni.

Kwanza, kagua uanachama wako kupitia eCitizen. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kama jina lako liko pasipo pake, jiuzulu. Kama halipo popote na unataka kushiriki mchujo, jiandikishe mapema, kwa sababu chama kinaweza kuwafungia mlango wasio kwenye orodha yake.

Pili, tafuta mtu mmoja ambaye dhamiri yako inamkubali. Usiulize ni wa kabila gani. Kitengela hii ploti moja ina Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba, Mluo na Mkisii, na bauza la maji linawauzia wote bei moja. Uliza alifanya nini kabla ya kutaka kura.

Tatu, mfanyie kazi bila malipo. Nenda mlango kwa mlango na nauli yako. Ukimla hela, umekuwa wa Abimeleki hata kama mgombea ni mzuri.

Nne, linda kura. Aprili 2017 Jubilee walilazimika kufuta mchujo wao na kuurudia, baada ya vurugu na uhaba wa karatasi za kura. Mchujo huharibika vituoni, na huharibika usiku. Ninyi mnaweza kukesha mkiomba mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtashindwaje kukesha kama mawakala mpaka fomu isainiwe?

Usiniambie haiwezekani hapa kwetu. Eneo bunge hili la Kajiado Mashariki ndilo lililomchagua Peris Tobiko mwaka wa 2013, mwanamke Mmaasai wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Simpigii debe wala simkosoi. Nasema tu kwamba watu wakiamua, kisichowezekana hufanyika.

Unajua Abimeleki aliishaje? Alifika Tebesi akitaka kuchoma mnara mwingine. Juu ya mnara kulikuwa na mama mmoja. Biblia haituambii jina lake. Hakuwa na tishati wala bahasha. Alikuwa na jiwe la kusagia, kifaa cha jikoni, akaliangusha. Watu wa kukodishwa walipoona bosi wao amekufa, kila mtu alirudi kwake. Ndivyo walivyo watu wa kukodishwa.

Jiwe lako mwaka huu ni jina lako kwenye orodha, miguu yako mtaani na macho yako kituoni. Wala usimguse mtu.

Baba, utupe watu 300 katika Kajiado wasionunulika. Anza na anayesoma hapa. Katika jina la Yesu.

Kama umo kati ya hao 300, andika AMINA, halafu leo usilale kabla ya kukagua jina lako.