FUNDI WA NYUMBANI: Mbele ya kununua karte, soma sanduku ya umeme



Mwezi huu ninajibu barua ya kijana mmoja wa Likasi. Anatumika mu kaduka kadogo ka kuandika makaratasi na kufanya fotokopi, na siku ya posho anapiga video za ndoa. Anatuandikia hivi:

« Baba fundi, ordinatere yangu ni Dell OptiPlex 7020, ile kubwa ya kusimama. Kutengeneza video ya ndoa moja kunakamata usiku muzima. Rafiki yangu anauzisha karte grafike RTX 3060 ya okazyo. Mama atapata zamu yake ya likelemba mwezi ujao, na amekubali kunikopesha. Mimi ninaona ni kuchomeka tu na kuanza kazi. Baba, unasema nini? »

Mwanangu, ninasema: ngoja kwanza. Karte ile ni nzuri, sikatai. Lakini feza ni ya mama, na karte hiyo haiwezi kutumika mu mashini yako vile iko leo. Nitakuonyesha sababu, na wengine wenye mpango kama wako wasome pia.

Sanduku yenye hakuna mtu anaangalia

Nyuma ya ordinatere, pale unapochomeka kamba ya umeme, iko sanduku ya chuma na vantilatere ndani. Mafundi wetu wanaiita alimantasyo. Kazi yake ni kupokea umeme wa nyumba, volti 220, na kuugeuza kuwa umeme mdogo: volti 12, volti 5 na volti 3,3. Prosesere, disiki, vantilatere, karte, vyote vinakula ku sanduku hiyo moja. Walaji wakubwa njo prosesere na karte grafike, na hao wanakula ku volti 12.

Ni sawa na mama mwenye kupika bukari. Sufuria ya watu watano inatosha watu watano. Ukileta mgeni mmoja mwenye kula sahani ya watu watatu, usimlaumu mama.

Hesabu ya walaji

Kamata karatasi na bic. Sanduku ya OptiPlex 7020 ya kusimama ni ya wati 290. Utaona nambari hiyo ku etiketi yake. Sasa tuhesabu walaji. Prosesere Core i5-4590, yenye inapatikana mu mashini mingi za aina hiyo, inakula wati 84. Karte RTX 3060 inakula wati 170. Karte mama, memuare, disiki na vantilatere, tuwawekee wati 50. Jumla: 304.

Unaona? Tumekwisha kupita 290, na karte inaweza kuvuta zaidi ya wati zake kwa kitambo kidogo sana. Mimi ninafundisha vijana wangu hivi: fanya jumla, kisha ongeza nusu yake. Nusu ya 304 ni 152. Tunafika 456. Basi sanduku inayofaa ni ya wati 500 ao 550. NVIDIA wenyewe, wenye kutengeneza chipi ya karte hiyo, wanashauri 550.

Ukilazimisha itakuwa namna gani? Mashini itawaka. Utaona picha, utafurahi, utamwita mama aje kuangalia. Kisha utaanza kazi ya video, karte itaanza kula kweli, na pap! giza. Hapo sanduku imejikinga yenyewe, na hiyo njo bahati. Sanduku mubaya isiyo na kinga inaweza kuungua na kuunguza wengine pamoja nayo.

Fishi nazo zinahesabiwa

Pahali karte inachomekwa ku karte mama panatoa wati 75, si zaidi. Karte yenye kupita hapo inaomba fishi yake mwenyewe kutoka ku sanduku: ya misumari 6 inaleta wati 75, ya misumari 8 inaleta wati 150. RTX 3060 nyingi zinaomba ile ya misumari 8.

Sokoni watakuonyesha kakamba ka kugeuza fishi ya disiki kuwa fishi ya karte. Ukatae! Ku volti 12, fishi moja ya disiki za SATA inabeba wati 54 tu. Ukiipakia 150, plastiki itayeyuka, na nyumba inaweza kushika moto watoto wakilala.

Jambo lingine linalokuhusu wewe: ku OptiPlex hiyo, fishi kubwa ya karte mama ni ya misumari 8, wakati sanduku za kawaida ziko na fishi ya misumari 24. Ukinunua sanduku mupya utahitaji kamba ya kugeuza ya aina hiyo. Pima pia urefu na matundu ya visi mbele ya kulipa.

Namna ya kusoma etiketi

Usiamini nambari kubwa ya kartoni. Tafuta mustari wa volti 12, soma ampere zake, na uzidishe mara 12. Kama kartoni inasema wati 500 lakini mustari wa volti 12 ni ampere 18, basi walaji wako wakubwa watapata wati 216 tu. Kwako wewe, tafuta ampere 36 ao zaidi: hizo ni wati 432.

Angalia alama ya 80 PLUS. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na unaonyesha kwamba sanduku haipotezi umeme mwingi kwa joto. Alama inaweza kuigwa, kwa hiyo soma na ampere pia.

Mwisho, soma umeme wa kuingia. Ile yenye kuandikwa 100-240 inavumilia vizuri zaidi umeme wetu wa kushuka na kupanda. Zingine ziko na kabuto kadogo kekundu ka 115 na 230. Hako ninakajua sana. Miaka mingi imepita, kikundi cha waimbaji kilinipa mashini iliyotoka Amerika. Nilichomeka bila kuangalia, kabuto kakiwa ku 115. Ikapasuka kama bunduki. Sanduku ikafa, karte mama ikafa. Nililipa miezi mitano. Mke wangu hakusema neno, lakini nyama ilikosekana ku meza, na watoto waliuliza sababu.

Na hata kama imekufa, usifungue sanduku hiyo. Ndani yake umeme unaweza kubakia hata nyuma ya kuchomoa kamba.

Basi, ufanye nini?

Njia ziko mbili. Ya kwanza: acha RTX 3060, tafuta GTX 1650 yenye haina fishi ya pembeni. Ilitoka mwaka 2019, inakula wati 75. Hesabu: 84, 75 na 50 ni 209. NVIDIA wanaandika 300 kwa karte hiyo, na wewe uko na 290, kwa hiyo usiongeze disiki wala kitu kingine. Mbio yake haifikie ile ya 3060, lakini itapunguza usiku wako.

Njia ya pili: mwezi ujao nunua sanduku nzuri na kamba yake ya kugeuza. Karte ingoje mpaka ndoa mbili tatu zikulipe. Sanduku kwanza, karte nyuma. Na siku ya kununua karte ya okazyo, omba muuzaji aitumikishe kazi nzito nusu saa mbele ya macho yako.

Lakini mbele ya yote, keti na mama na umuonyeshe karatasi ya hesabu. Umwambie kwamba barua yako ya kwanza ilikosea. Mtu mwenye kupima unga kopo kwa kopo kila asubuhi atafahamu mambo ya wati mbio kuliko wewe. Kisha, yeye mwenye feza, achague pamoja nawe.

Mwezi ujao tutaongea juu ya stabilizatere: namna ya kuchagua ile yenye kufaa nyumba yako.

Mubakie salama.

Fundi wenu