Mtu wa Hadithi Anapogeuzwa Kuwa Mzimu



Mwezi huu tumeombwa kueleza jambo ambalo wengi wetu tukilisikia mara ya kwanza tutadhani ni mzaha. Mama mmoja ametuandikia kwamba alipokuwa akifagia chumba cha binti yake wa miaka 14 alikuta, nyuma ya sanduku la nguo, picha ya msichana wa katuni za Kijapani, kipande cha mshumaa na glasi ya soda iliyojaa sisimizi. Alipouliza, binti alimjibu bila haya kwamba huyo ni msaidizi wake, na kwamba anajua kabisa ni mtu wa kuchorwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililomchanganya mama. Angeambiwa ni jini, angejua pa kuanzia.

Ni kweli, sisi tumezoea habari za majini na mizimu. Anayekwenda kuaguliwa huamini kwamba anayeitwa yupo, ana jina, ana ukoo na ana chakula anachokitaka. Hawa wa siku hizi wanasema kinyume: hayupo, ametungwa na mtu, nasi tunamwita hivyo hivyo.

Desturi hiyo imekulia Ulaya na Marekani. Mwandishi H. P. Lovecraft wa Marekani, aliyefariki mwaka 1937, alitunga hadithi za kutisha zenye miungu ya ajabu kutoka mbali angani, pamoja na kitabu cha uchawi alichokiita Necronomicon. Mwenyewe hakuamini hata kimoja, na alisema waziwazi kwamba kitabu hicho amekibuni. Hata hivyo mwaka 1972 Anton LaVey, mwanzilishi wa kile kiitwacho Kanisa la Shetani, alichapisha kitabu chenye ibada za viumbe wale wa Lovecraft. Mwaka 1977 kikatokea New York kitabu chenye jina la Necronomicon, kikauzwa kana kwamba ndicho chenyewe. Nako Uingereza, katika miaka hiyo hiyo, likazuka kundi lililofundisha kwamba imani ni chombo tu, kama jembe: unalishika wakati wa kulima, ukimaliza unaliweka. Mmoja wa walimu wao, Peter Carroll, alitoa kitabu chake Liber Null mwaka 1978. Sasa, kama nguvu iko katika kuamini tu, shujaa wa sinema anafaa sawa na mungu wa kale. Ndiyo maana leo wako watu wazima, wenye kazi zao, wanaowasha mishumaa mbele ya watu wa vitabuni, wa katuni na wa michezo ya kompyuta.

Lakini kisa kinachotufundisha zaidi hakikutoka kwa wachawi. Kilitokea Toronto, nchini Kanada. Mwaka 1972 watu wanane wa chama cha kuchunguza mambo ya roho waliamua kutunga mzimu wao wenyewe waone kama utaitika. Wakamwita Philip, bwana mkubwa wa Uingereza wa karne ya 17. Wakamtungia mke aliyeitwa Dorothea, na msichana mwingine aliyempenda kwa siri, Margo. Mke akagundua, akamshitaki Margo kwa uchawi, Margo akachomwa moto, naye Philip kwa majuto akajirusha kutoka juu ya ukuta wa nyumba yake. Yote hayo ni ya kubuni.

Wakakaa karibu mwaka mzima wakimtafakari kimya kimya, wala pasitokee kitu. Kisha wakabadili mtindo. Wakapunguza taa, wakazunguka meza, wakaimba, wakataniana. Ndipo meza ikaanza kugonga: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Meza ikatembea sakafuni. Mwaka 1974 wakafanya hivyo mbele ya kamera za televisheni, na mwaka 1976 kikachapishwa kitabu kueleza habari yote.

Sisi hatutaki kuipita habari ya Philip haraka, maana ndani yake kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulishika. Philip alijibu mambo ya maisha yake kama walivyoyaandika wao. Alipenda walichosema anapenda, akachukia walichosema anachukia. Yale ambayo hakuna mmoja wao aliyeyajua, naye hakuyajua. Kwa maneno mengine, walikuwa wakijiuliza na kujijibu wenyewe.

Kabla yao, mwaka 1853, huko London watu walipokuwa wakiona meza zikizunguka chini ya mikono yao, Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, alilichunguza jambo hilo. Naye alikuwa Mkristo wa kanisa dogo lenye msimamo mkali. Aliweka kati ya mikono na meza vipande vya karatasi ngumu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikizwa kwa gundi laini. Kama meza ndiyo ivutayo mikono, kipande cha chini kingetangulia. Kilichotangulia kilikuwa cha juu, kilicho karibu na mikono. Watu wale hawakuwa waongo. Mikono yao ilisukuma, wao wasijue.

Basi, mama, ukikuta picha na mshumaa, usianze kwa kupiga kelele wala kuvichoma mbele ya mtoto. Ukivichoma utamfundisha kwamba hata wewe unaviogopa. Kaa naye umwulize: huyu huwa unamwomba nini? Hapo ndipo penye habari. Kama Philip, msaidizi huyo hana neno lake mwenyewe. Anasema yaliyo ndani ya binti yako. Atakuambia anamwomba ujasiri kwa sababu wenzake wanamcheka shuleni. Au anamwomba baba na mama wazungumze tena mezani. Hayo alikuwa na haki ya kukuletea wewe, na pengine alijaribu.

Kuhusu imani tuseme wazi. Kupenda hadithi si dhambi. Nasi tusijifanye watakatifu, wangapi wetu tumemkasirikia mwanamke wa tamthilia ya televisheni mpaka ugali ukaungua? Lakini kumwekea kinywaji na kumwomba msaada ni ibada, hata kama aliyekiweka anacheka. Someni na watoto Isaya sura ya 44, habari za mtu aliyekata mti, nusu akapikia chakula na kuota moto, nusu akachonga akaisujudia. Kijana wa sekondari huielewa upesi, na mara nyingi hucheka. Kisha someni Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 na ya 10 pamoja. Katika ile ya kwanza Paulo anasema sanamu si kitu. Katika ya pili anaonya kwamba meza ya namna hiyo humshirikisha mtu na mashetani. Yote mawili ni kweli kwetu: mhusika wa katuni hana masikio, lakini moyo uliozoea kuomba mahali popote hauko salama.

Sasa tuje kwenye upande wa hospitali, maana hapa kuchelewa kunaweza kuua. Mwaka 2009 mwanamume mmoja wa Marekani alitengeneza picha za mtu mrefu asiye na uso, akamwita Slender Man, akaziweka kwenye intaneti. Ilikuwa burudani. Tarehe 31 Mei 2014, huko Waukesha, jimbo la Wisconsin, wasichana wawili wenye umri wa miaka 12 walimpeleka mwenzao msituni, akachomwa kisu mara 19. Walisema walitaka kuwa watumishi wa Slender Man, na waliogopa kwamba atadhuru familia zao wasipotii. Mwenzao alijikokota hadi njiani, akaonekana, akapona. Mmoja wa wasichana hao alikutwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili ulioanza mapema kuliko kawaida, na wote wawili mahakama iliwapeleka hospitali ya magonjwa ya akili.

Usimpime binti mwenye picha ya katuni kwa kisa hicho. Wengi wenye mchezo huo hawamdhuru mtu. Mtoto mdogo akiwa na rafiki wa kuwaziwa, anayetaka naye awekewe kiti, huo ni ukuaji wa kawaida. Katika utafiti wa mwanasaikolojia Marjorie Taylor na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 huko Marekani, watoto 65 katika 100 walikuwa wamewahi kuwa naye kufikia miaka 7. Ukimwuliza, atakuambia ni wa kuigiza tu.

Unachotakiwa kukiogopa ni pale mhusika anapoanza kuamuru. Mtoto anasikia sauti yake akiwa peke yake, tena hawezi kuinyamazisha. Anaogopa kuadhibiwa naye. Halali usiku, ameacha kuoga, masomo yameanguka ghafla, anacheka au kunung'unika na mtu usiyemwona. Akikuambia sauti inamtaka ajiue au amdhuru mdogo wake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimwache peke yake. Ficha visu, kamba na dawa, hata zile za malaria zilizobaki kabatini. Waite wazee wa kanisa waombe, ndiyo, lakini waombe mkiwa njiani au kando ya kitanda cha wodi. Anayekuambia mtoto afungwe kamba, apigwe, anyimwe chakula au aache vidonge, huyo mwambie asante, kisha ondoka naye.

Mkifika, mwe mmeandika kwenye karatasi: sauti inasema nini, ilianza lini, mtoto analala saa ngapi, na kama katika ukoo, upande wa baba au wa mama, yuko aliyewahi kuugua akili. Hilo la ukoo wengi hulificha kwa aibu, hasa shangazi na mama wakwe wakiwa wamekaa pale kwenye benchi. Basi ombeni kumwona daktari faragha, mlitamke humo.