"Ufungaji bure" inakula faida yako

Kwa sisi tunaouza madishi na ving'amuzi kwa simu, kuna maneno mawili nayaona kila siku kwenye matangazo: "ufungaji bure". Mimi nasema yafutwe, hasa kama wateja wako ni wa huku Kibiti na Delta ya Rufiji.

Mteja wa Kibiti mjini au Bungu mwambie alipe fundi. Fundi anapanda boda asubuhi, mchana kamaliza. Ile hela sio ya kukaza nati nne. Mteja analipia mtu aliyezoea kutembea juu ya bati, anayejua kusaka signo, na ambaye dishi likizingua wiki ijayo atarudi. Bei ya fundi iandike peke yake kwenye tangazo. Ukiichanganya na bei ya dishi unaonekana ghali kuliko jirani. Ukiitoa bure, fundi unamlipa wewe.

Sasa njoo kwa mteja wa Mbwera au Maparoni. Fundi ashuke mpaka Nyamisati, asubiri boti, afunge, alale huko, arudi. Gharama yake inaweza kukaribia bei ya mzigo wenyewe. Na upepo ukilisogeza dishi, nani anavuka tena? Huyu lazima ajue kufunga mwenyewe, na kumfundisha ni kazi yako muuzaji. Hiyo ndo huduma atakayowasimulia wenzake.

Kabla mzigo haujapanda boti:

1. Washa king'amuzi dukani, kisajili, hakikisha picha inatoka.

2. Muulize anatumia umeme gani. Kama ni sola, mpe king'amuzi cha volti 12, la sivyo mzigo utarudi.

3. Funga LNB kabisa, izungushe inavyotakiwa kwa huku kwetu, weka alama kwa maka peni.

4. Mrekodie video yako mwenyewe, asihangaike na za YouTube. Dishi la DStv la mtu wa Lagos linatazama mashariki. La hapa kwetu linatazama karibu utosini, kwa sababu setilaiti yake ipo nyuzi 36 Mashariki na sisi tupo karibu na 39. Azam ipo nyuzi 7, kwa hiyo dishi lake linatazama magharibi, likivutwa kidogo kaskazini, na linainuka kama nyuzi 52.

5. Mkataze kupanda paa. Achimbie bomba chini, mahali palipoinuka, lisimame wima kwa timazi, na mbele pasiwe na mnazi.

6. Mwambie azime king'amuzi kabla ya kuunga waya, aviringishe tepu kwenye maungio, apake grisi kwenye nati. Hewa ya chumvi haina huruma.

7. Mwambie mapema kuwa mvua kubwa ya masika ikikata picha, asiguse dishi. Mvua ikipungua picha itarudi yenyewe.

Siku ya kufunga, kaa hewani naye. Akutumie picha ya skrini ya signo, na wewe tazama mstari wa ubora, sio wa nguvu tu. Nusu saa yako kwenye simu ni rahisi kuliko nauli ya boti, na mteja aliyefunga mwenyewe hakupigii usiku wa mechi kukulaumu.

Kwa hiyo kwenye tangazo lako weka bei mbili: "na fundi" na "tunakufundisha". Mteja achague kulingana na anapokaa.