Afya Nyumbani: Mafua Yasiyoisha

Mwezi huu tunaongea juu ya pua. Msicheke.

Sisi walimu wa kujitolea tunaona kila kiangazi: upepo unaleta vumbi, mtoto anapiga chafya tangu asubuhi, pua inamuwasha, macho yanatoa machozi, lakini homa hana. Mzazi anauza unga wa mgao ili anunue kapsuli za antibiotiki. Mtoto anamaliza dozi, na makamasi bado yanatiririka. Unga umeenda bure.

Kumbe hayo si mafua ya kuambukizwa. Ni mzio, wengine wanaita aleji. Mnawakumbuka askari wa mwili, zile chembe nyeupe tunazofundisha kwa habari ya UKIMWI? Hapa askari hawajapungua. Wanakosea tu: wanaona vumbi au unga wa maua ya nyasi, wanadhani ni adui. Antibiotiki inaua bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuua.

Je, askari wanaweza kufundishwa upya? Ndiyo. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa London alieleza jinsi alivyowadunga wagonjwa dawa ya unga wa nyasi zilezile zinazowasumbua, kidogo sana kwanza, halafu akiongeza polepole. Njia hiyo ipo mpaka leo, ila inachukua kama miaka 3, na inataka daktari bingwa maana sindano yenyewe inaweza kuleta hatari. Mwaka 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya askari wanaotuliza wenzao. Kutibu pua kwa chembe hizo bado ni utafiti. Kwa hiyo mtu akipita sokoni na "sindano ya kuongeza askari", usimpe hata shilingi. Kwani nani alisema wamepungua?

Nyinyi mwagieni sakafu maji kabla ya kufagia, na mtoto akae nje kwanza. Jiko liwe mbali na pa kulala. Kwenye kituo cha afya ulizeni setirizini. Piriton pia inasaidia, lakini inaleta usingizi. Akimeza asubuhi tuambieni, tusimchape maswali bure darasani. Ila kifua kikianza kupiga filimbi na mtoto anavuta pumzi kwa shida, mpelekeni kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.